Tulboksi la Marehemu Kobelo

Asubuhi niliyoondoka Kihonda sikuwa na safari. Niliamka kwa kukohoa, kama ilivyokuwa kawaida ya kifua changu tangu miaka ya mwisho ya kazi, nikatema kitu cha kijivu mchangani na kukifukia kwa mguu. Nikarudi ndani, nikatia mfukoni shati moja, kikombe, kitambaa na ile sumaku yangu, nikamwachia mwenye nyumba ufunguo dirishani. Kusugua nilikuwa nimeshaacha. Mtu asiye na kazi wala mke hana sababu ya kutazama ukuta uleule kila siku.

Nikatembea hadi Msamvu. Nilikuta Canter imeshusha ndizi na inageuza, utingo kakaa juu ya matenga matupu.

"Shikamoo mzee. Unaelekea wapi?"

"Marahaba. Nyie mnaelekea wapi?"

"Sisi Kinole, mlimani."

"Basi na mimi hukohuko."

Akamgeukia dereva. "Huyu babu anasafiri kama kuku aliyekata kamba."

"Mpandishe," dereva akasema. "Kuku mzee hana uzito."

Kinole nilikuwa sijawahi kufika, lakini jina lake nililijua kuliko nilivyotaka. Huko ndiko lilikopelekwa tulboksi la Kobelo. Habari hiyo nawaandikia nyie vijana mnaosugua malori pale Kihonda leo kwa mashine zenu za umeme. Mkija kwangu mlikuwa mnaniuliza habari za dawa tu, dawa gani inang'arisha upesi. Dawa nitawaambia. Lakini mtanivumilia na hayo mengine.

Kwa asiyejua, tulboksi ni lile sanduku la bati nene linalofungwa ubavuni mwa lori, chini, karibu na matairi. Humo dereva anaweka spana, jeki, kamba, turubai la kulalia na siri zake. Linapigwa na tope, changarawe na moshi kutoka bandarini mpaka mpakani. Dereva mwenye kujipenda halali akijua tulboksi lake ni chafu. Ndiyo kazi iliyonilisha mimi, mtu niliyekimbia shule kabla sijajua kugawanya, nikakata miwa Turiani, nikachoka, nikabeba magunia kwenye mashine ya mpunga, nikachoka, nikaja mjini kuona treni na kusahau kurudi.

Aliyenifundisha alikuwa mama lishe. Bi Tatu alipika wali na maharage pale maegesho ya malori, chini ya paa la mabati. Sufuria zake uliweza kunyolea ndevu. Siku moja dereva mmoja alizitazama, akatazama tulboksi lake, akasema, "Bi mkubwa, hebu nisugulie na hili langu, nikuoe." Bi Tatu akamjibu, "Kuoa hapana. Kusugua, lilete." Biashara ikaanzia hapo. Mimi nilikuwa namchotea maji, na kwa kuwa siwezi kukaa kimya nikimwona mtu anajua kitu, nilimuuliza mpaka akachoka akanipa gunzi nisugue mwenyewe.

"Ndani kwanza," alinikemea siku ile ya kwanza, nilipokimbilia mfuniko. "Nje ni kwa ajili ya wageni. Ndani ndimo unamopika."

Dawa yake kubwa ilikuwa jivu la pumba za mpunga. Nilicheka, maana kule Turiani pumba tulizichoma kwa vilima na jivu lake tukalikanyaga. Kumbe jivu lile, likichekechwa kwa kitambaa chepesi mara kwa mara mpaka liwe laini kama poda ya mtoto, linakula uchafu bila kukwaruza. Nikawa naagiza gunia kutoka nyumbani, na watu wakaniita Mzee Pumba hata kabla sijawa mzee. Jina hilo nimezeeka nalo.

Sikilizeni utaratibu. Kwanza sumaku. Ikinata, hilo ni chuma, na adui yako ni kutu. Isiponata, hilo ni alumini, haliliki na kutu, lakini lina roho nyepesi. Mwenzetu mmoja aliyajali haya kwa mdomo tu. Aliletewa tulboksi la alumini lenye grisi nene, akalimwagia magadi makali ya kuzibulia mabomba. Likachemka, likatoa moshi, likageuka jeusi lenye madoa kama mtu mwenye ndui. Mwenyewe aliporudi alilizunguka lote. Halafu akasema, "Nimewaachia bibi harusi, mmenirudishia maiti." Mwenzetu yule alihamia Dodoma.

Basi, grisi itoeni kwa mafuta ya taa na brashi, mkaoshe kwa sabuni ya unga. Msasa anzeni na mkali kidogo, mmalizie na laini kabisa, na uwe na maji wakati wote. Msasa mkavu ndio unaoleta lile vumbi la kifuani. Mimi nilisugua kwa mkavu miaka mingi kwa sababu maji yalikuwa mbali, na sasa mnanisikia ninavyokohoa. Mwisho jivu, kwa kipande cha kanga kuukuu, mkizungusha mkono mpaka muone uso. Usipouona uso wako na vinyweleo vyake, hujamaliza.

Damu inaoshwa kwa maji baridi. Usithubutu maji ya moto, yanaipika na kuigandisha kwenye chuma. Maji baridi, chumvi, na uvumilivu. Hili sikufundishwa na Bi Tatu. Nililijua baadaye.

Kobelo alikuwa Mluguru wa Kinole, mrefu, mwenye mzaha, dereva wa lori la tajiri mmoja wa mjini. Tulboksi lake lilikuwa la alumini, na alilipenda kama wengine wanavyopenda ng'ombe. Mimi kwa udadisi wangu nilikuwa namuuliza kila kilichomo. Hii ya nini? Ile inafungua wapi? Alinieleza bila kuchoka. Ndiye aliyenionyesha diaframu: kipande cha mpira cha duara, mfano wa kisahani, kinachokaa kwenye chungu cha breki karibu na tairi. Upepo ukikisukuma, tairi linashikwa. Kikipasuka, upepo wote unatoka na lori halina breki. Dereva aliye mbali na gereji analikunja bomba la upepo la tairi hilo na kulifunga kwa mpira, ili matairi yaliyobaki yaendelee kushika. Wanasema wamelinyonga bomba.

"Unalinyonga ufike gereji," Kobelo aliniambia. "Siyo ufike Zambia."

Safari yake ya mwisho alipita kwangu asubuhi. Utingo wake, Hamisi, kijana wa mlima uleule, alikuwa ameinama uvunguni mwa lori. Akatoka akijifuta mikono.

"Kaka Kobelo, hatuanzi gereji?"

"Gereji tutapita. Kwanza Pumba anifanyie hili, limekuwa kama sufuria ya msibani."

"Nakwambia tuanze gereji."

"Hamisi, barabarani watu wanaangalia ubavu. Nani anaangalia uvungu?"

Hamisi akacheka, akaenda kukaa kwa Bi Tatu. Mimi sikujua wanazungumzia nini, gari halikosi la gereji. Nikasugua. Kobelo akala wali, akamtania Bi Tatu kuhusu maharage yenye mawe, akajitazama kwenye mfuniko na kuchana nywele. Lilikuwa zuri siku ile. Wakaondoka.

Walianguka kwenye mteremko mmoja upande wa Iringa. Wakafa wote wawili.

Baada ya mazishi wakaja kwangu watu wawili na tulboksi lile kwenye guta. Mmoja alikuwa dada yake Kobelo, Bi Zaina, mama mwembamba aliyefunga kanga mbili za msiba. Wa pili mwanawe, Rajabu, aliyekuwa fundi baiskeli.

Hapa lazima nieleze, maana wengi wenu mmetoka mbali. Kwa Waluguru mtoto ni wa upande wa mama. Mtu akifa, jina lake haliachwi chini. Siku ya kumaliza matanga, watu wa lukolo, yaani ukoo wa mama yake, wanakaa na kumchagua mpwa. Anavikwa jina la marehemu na kukabidhiwa kitu ambacho marehemu alikuwa anakishika: panga, jembe, upinde. Tangu hapo yeye ndiye. Watoto wa marehemu watamwita baba. Hata mama yake wa kumzaa, kama ni dada wa marehemu, atamwita kaka. Na kama marehemu ameacha ugomvi, ugomvi utapiga hodi kwake.

Wazee walikuwa wamemchagua Rajabu. Kobelo hakuwa na shamba wala panga, mkono wake ulishika hili. Kwa hiyo ling'arishwe, akabidhiwe.

"Lisugue liwe kama alivyolipenda," Bi Zaina akaniambia.

Nikalitazama. Ubavu mmoja ulikuwa umebonyea, na kwenye pembe palikuwa na kitu kimekauka, cheusi chenye wekundu.

"Hiyo ni nini?" Bi Zaina akauliza.

"Kutu, mama."

Alumini haishiki kutu. Rajabu fundi baiskeli alilijua hilo. Aliinama akafunga kamba za viatu ambazo hazikuwa zimefunguka. Mimi nikaomba maji baridi na chumvi.

Nilipokuwa naosha, Rajabu akachuchumaa kando yangu. Akasema taratibu, mama yake asisikie, kwamba yule mama wa Hamisi ametuma neno. "Kasema atakayevaa jina hilo ajue kavaa jina la aliyemuua mwanawe. Na tajiri naye anasema mjomba alilala kwenye usukani. Mama anasema breki zilikatika tu, ni Mungu. Mzee Pumba, mimi siogopi kuvaa jina. Naogopa kuvaa nisichokijua."

"Wewe ulifika pale?"

"Mimi ndiye niliyemtoa mjomba. Nililiona bomba moja nyuma limekunjwa, limefungwa mpira mwekundu. Fundi wa tajiri akasema ni lori limelikunja lilipobiringika."

Lori likibiringika halifungi fundo.

Kufuli lilikuwa limepinda na ufunguo umepotea. Msivunje kufuli, vijana, mnaharibu mdomo wa sanduku. Gongeni pini za bawaba zitoke, mfuniko utafunguka kwa nyuma. Ndivyo nilivyofanya. Ndani palikuwa safi. Spana zimefungwa kwenye kitambaa kwa ukubwa wake, kamba imeviringwa, turubai limekunjwa. Pembeni palikuwa na mpira wa tyubu, mwekundu, umekatwa ukanda. Na chini ya turubai palikuwa na kisahani cha mpira kipya, ndani ya nailoni, kina unga wake wa dukani.

Rajabu akakiinua. "Mzee, hiki ni nini?"

Bi Zaina alikuwa amesimama juu yetu. Nikamwambia Rajabu ni nini, kinakaa wapi, na kazi ya kukifunga inachukua muda gani. Muda wa kuchemsha maharage. Muda ambao mimi nilikuwa nasugua na Kobelo anachana nywele. Hilo la mwisho sikulisema. Alilisema Bi Tatu, aliyekuwa ameacha moto wake na kuja kusimama nyuma yetu.

"Walikuwa hapa," akasema. "Yule kijana alimwambia gereji. Nilimsikia."

Hakuna aliyenyanyua sauti. Bi Zaina alikichukua kile kitu mkononi mwa mwanawe, akakitazama pande zote mbili kama mtu anayetazama samaki kama ameoza, akakitupa kwenye pipa la maji machafu.

"Hukukiona," akamwambia Rajabu. Kisha mimi: "Na wewe kazi yako ni kusugua. Sugua."

Rajabu akaingiza mkono kwenye pipa mpaka begani. Maji yale yalikuwa na grisi, sabuni na chumvi ya ile niliyoiita kutu. Alipapasa akakitoa.

"Kitupe, Rajabu."

"Nitakirudisha nilipokikuta."

"Ukikibeba hicho Kinole, watamtukana ndugu yangu mpaka kiama. Sitakuita kaka. Nakuapia."

"Basi utaniita Rajabu, mama. Na jina litakaa chini."

Kwao jina kukaa chini ni mtu kufa mara ya pili. Bi Zaina akamtazama Bi Tatu, mwanamke kwa mwanamke, akitafuta wa kumuunga mkono.

"Mimi najua sufuria tu, Zaina," Bi Tatu akasema. "Husuguliwa ndani kwanza."

Bi Zaina akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa na kujifunika kanga uso. Rajabu akanigeukia. Akataka ning'arishe mfuniko na ubavu mzima, lakini ule uliobonyea niuache. Nikafanya hivyo. Nilisugua mpaka nikauona uso wangu, nikatamani nisingeuona. Kile kisahani alikifuta mwenyewe, akakirudisha kwenye nailoni yake, akakiweka chini ya turubai. Wakapakia kwenye guta. Bi Zaina hakuniaga.

Sikujua Rajabu alivikwa jina au la. Miaka ilipita. Bi Tatu alikufa, paa lake wakaling'oa, zikaja mashine zenu na dawa za chupa. Nilikuwa naulizia kwa madereva, nikapewa majibu ya watu wasiojua. Nafikiri ndiyo maana mdomo wangu ulisema "hukohuko" kabla kichwa hakijauliza.

Canter ilinishusha sokoni Kinole mvua ikinyesha, ile mvua nyembamba ya mlimani isiyo na haraka. Kulikuwa na harufu ya mdalasini na mafenesi yaliyoiva kupita kiasi. Nikamuuliza muuza ndizi mahali pa kulala.

"Hapa hakuna gesti, babu. Panda kwa Kobelo. Yeye hamkatalii mgeni."

"Kobelo yupi?"

"Kwani wako wangapi?"

Nikapanda ile njia nikipumzika kila penye jiwe. Nyumba ilikuwa ya matofali mabichi, kando ya migomba. Kwenye ubaraza walikaa vikongwe wawili, mmoja akimenya ndizi, mwingine akitazama mvua. Aliyetazama mvua alinikazia macho muda mrefu.

"Kaka," akaita kuelekea ndani. "Una mgeni. Yule msugua chuma."

Akatoka mtu mwenye mvi pembeni mwa kichwa. Alikuwa na tabasamu la mjomba wake lakini hakulitumia. Aliniamkia, akanishika mkono kwa mikono yote miwili, akaniingiza ndani. Na pale, pembeni mwa chumba cha mbele, lilikuwepo. Limefifia, limekuwa jeupe la kijivu kama jivu la jana. Ubavu uliobonyea umeelekea mlangoni.

"Yule anayemenya ndizi ni mama yake Hamisi," akaniambia kwa sauti ya chini. "Siku nilipovikwa jina nilimpelekea kile kitu. Hakukipokea. Nikawa naenda kumlimia, hanisemeshi. Misimu mingi. Halafu mlima ulimeguka kwa mvua ukachukua nyumba yake, na mwenye kumjengea hayupo. Akaja mwenyewe na mkeka. Akasema, Kobelo, umenikatia mkono, basi nilishe."

"Amesamehe?"

"Sijamuuliza."

Alifunua mfuniko nione. Kile kisahani kilikuwa bado kwenye nailoni. Mpira ulikuwa umekauka na kupasuka wenyewe, bila kufanya kazi hata siku moja.

Mimi sina cha kumlipa mtu zaidi ya mikono yangu. Nikaenda jikoni nikachota jivu, nikatoa kitambaa changu, nikapiga magoti mbele ya mfuniko. Nilikuwa nimezungusha mkono kidogo tu, alama ya duara inaanza kuonekana, nikasikia kisu cha kumenyea kimewekwa chini.

"Liache, baba," mama yake Hamisi akasema kutoka mlangoni. "Lililetwa hapa linang'aa kama bakuli la harusi, na ndani mna kile kitu. Bora hivi."

Nikakunja kitambaa nikakitia mfukoni.

Bi Zaina akauliza kutoka nje, "Kaka, mgeni atalala wapi?"

"Hapahapa, kando ya sanduku."

"Mimi nakohoa sana," nikasema. "Nitawaamsha."

Mama yake Hamisi alikuwa amesharudi kwenye ndizi zake. "Kohoa tu," akasema. "Utakuta tuko macho."

Akaniletea mkeka.